Bonyeo la Paani

Mgongo ulikuwa unamuuma mjane tangu kazini. Kutwa nzima aliinamia mashuka ya hospitali, kuyasuuza na kuyakamua, na sasa jioni, jua lingalipo, alikuwa amekaa kwenye kigoda uani ameinamia treni ya marehemu mumewe.

Ilikuwa treni ya kuchezea ya bati, ya kizamani, ya kutia ufunguo kama saa: kichwa, mabehewa matatu, na reli za kuunganisha mpaka ziwe duara. Baba mkwe alimpa mwanawe angali mdogo, mwana akaitunza hadi mvi zikamtoka. Alipofumba macho ikabaki kwa mkewe, juu ya kabati, ikila kutu.

Kwa uchovu aliokuwa nao asingeigusa, lau si maneno ya watu. Wifi yake alikuwa amemjaza mama yao kwamba vitu vya kaka vinatokea mlango wa nyuma, vinahamia kwa ndugu za mjane. Mama mkwe, ambaye macho yake yalizima zamani, hakubishana wala hakukubali. Alituma salamu tu: Jumamosi nakuja, nataka kuishika treni ya mwanangu.

"Ataishika," mjane akajisemea, "na ataikuta safi. Wasipate la kusema."

Akaisugua kwa mswaki uliochakaa na mafuta ya taa mpaka maji ya kutu yakamchirizika hadi kwenye viwiko. Akapiga msasa. Juu ya paa la kichwa cha treni palikuwa na bonyeo, shimo la ukubwa wa kidole gumba. Akalijaza puti, ule udongo wa kuzibia mashimo, akalisawazisha, pakawa laini kama yai. Kisha rangi nyekundu, mkono wa kwanza, na kesho yake mkono wa pili. Likabaki gurudumu moja la nyuma lililopinda. Alilishika, akaliangalia, mikono ikakataa.

"Mungu wangu, nisamehe," akasema. "Hili litangoja."

Jumamosi mama mkwe aliingia ameshikwa mkono na bintiye. Alipoketi, mjane akamwekea kichwa cha treni mapajani. Vidole vya bibi vikapita kwenye bomba la moshi, vikashuka, vikapanda paani. Vikasimama. Vikarudi tena, vikatafuta.

"Hii siyo," akasema.

"Ndiyo yenyewe, mama. Nimeipaka rangi."

"Mwanangu alianguka nayo kizingitini kwetu, akapasuka kidevu, na paa likabonyea. Baba yake alitaka kuligonga linyooke, nikamkatalia. Kila nikiishika, kidole changu kinalala humo." Akairudisha mikononi mwa mjane, taratibu. "Hii siyo. Hii mpya."

"Si nilisema?" wifi akadakia. "Ya kaka imeshasafiri, hapa tumewekewa ya dukani!"

"Wifi, niangalie usoni. Mimi ni wa kufanya hivyo?"

"Usoni kwako naona rangi tu. Mpaka kwenye nyusi."

Mjane akajifuta nyusi kwa kiganja. Kovu la kidevu alilijua, alilala nalo miaka yote ya ndoa. Mumewe alimwambia ameanguka utotoni, basi. Angejuaje kwamba kovu lile lilikuwa na pacha wake kwenye bati? Na ameliziba kwa mkono wake mwenyewe. Aeleze nini? Acha treni ijisemee yenyewe.

Akainama, akaunganisha reli sakafuni, akatia ufunguo, akaiachia.

Treni ikaondoka. *Tiki, tiki, taa. Tiki, tiki, taa.* Kila sehemu iliyopinda ya gurudumu lile ilipogusa reli, treni ilichechemea kama mtu mwenye mwiba mguuni.

Bibi akainua kiganja. Wifi aliyekuwa anafungua mdomo akaufunga. Treni ikazunguka mpaka springi ikaisha, ikasimama karibu na miguu yake.

"Ndiye," bibi akasema. "Treni yake ilichechemea hivyo hivyo tangu siku ile ya kizingiti." Kisha akageuka upande wa bintiye. "Na wewe, ulimi wako nao utiwe puti."

Wifi akatazama dirishani.

"Nisamehe, mama," mjane akasema. "Niliona ni ubovu tu. Na gurudumu hilo lingenyooshwa pia, kama nisingechoka."

"Basi Mungu alijua kukuchosha." Bibi akanyoosha mkono. "Puti hiyo itoke."

"Leo, mama?"

"Leo. Nipo, nakungoja."

Mjane akashusha pumzi. Akaenda jikoni kuchukua kisu butu, akarudi, akaketi sakafuni karibu na magoti ya mama mkwe wake, akaanza kukwangua. Rangi nyekundu ikamwagika vipande vipande kwenye kanga yake safi. Bibi akaweka kidole gumba karibu na ncha ya kisu, akisubiri shimo lifunguke.