Swali la Chuy

Landry Kucera alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, na upweke ule ulikuwa ni heshima. Wenzake walijibana upande wa pili wakitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, macho yote uwanjani, utadhani yeye ana ndui. Katika besiboli ndivyo ilivyo. Mrushaji akifika katikati ya mchezo na bado hakuna mpigaji wa upande wa pili aliyefaulu kuupiga vizuri mpira wake, hasemeshwi wala haguswi. Jambo lenyewe halitajwi kabisa, maana atakayelitaja atatia mkosi. Watu wa Prosek, kimji cha mahindi na ng'ombe huko Nebraska, hawauamini utabiri wa mvua redioni, lakini hilo wanaliamini kwa moyo wote.

Siku hiyo walikuwa na sababu ya ziada ya kufunga midomo. Nyuma ya wavu alikaa kocha wa chuo kikuu, kofia nyekundu kichwani na kipima kasi mkononi. Alikuwa amemwahidi Landry nafasi kwenye timu yake na karo ya kulipiwa, ila kwa mdomo tu, na alitaka kwanza amwone kwa macho yake. Bila yeye hakukuwa na chuo. Mama yake Landry, Renata, alikuwa mpika vitumbua vya matunda katika mkahawa wa mjini, na karo ile hata kuiota aliogopa.

Kiwiko kilianza kumuuma Landry mapema. Mwanzoni ulikuwa mchomo wa kupita, kisha maumivu yakakaa palepale na hayakutoka. Alitamani kumwambia mtu. Kocha wake, Brandt, alikuwa amesimama karibu, amempa mgongo kwa adabu zote. Landry akakohoa. Kocha akasogea mbali zaidi.

Basi akapiga moyo konde. Akajiambia mchezo umebaki kidogo, atakufa na tai shingoni.

Hapo ndipo Chuy Barrientos, mdakaji aliyeipokea mipira yake tangu wakiwa watoto, alipovua kinyago cha kukinga uso, akalivuka benchi lote na kuja kuketi ubavuni pake, goti kwa goti.

"Mkono vipi?"

Benchi zima liligeuka. "Chuy, umerukwa na akili?" mmoja akanong'ona.

"Sijakuuliza wewe. Landry, mipira yako ya mwisho imenifikia imechoka. Unashusha kiwiko. Mkono vipi?"

Landry aliitazama ile kofia nyekundu. "Mzima."

"Danganya wengine. Mimi nilianza kudaka mipira yako ikiwa bado inaua kuku wa mama yako."

"Aliuawa mmoja tu."

"Mkono, Landry."

Landry alitazama chini, machozi yakimlenga. "Unauma," akasema. "Unauma vibaya, Chuy."

Kocha Brandt akamtoa. Aliyeingia badala yake alipigwa mpira wake wa kwanza kabisa, na mchezo ukaenda na maji. Mwenye kofia nyekundu aliondoka kabla haujaisha, bila kuaga mtu. Landry alilitazama gari lake likitimua vumbi na akaamini kwamba chuo kimeondoka nalo.

Mji nao ukapata wa kumlaumu. Pale mkahawani Mzee Sedlak, ambaye hakuwahi kukosa mchezo hata mmoja, alimwona Chuy anaketi, akabeba sahani yake na kuhamia meza ya dirishani. Landry alitaka kumfuata amwambie mambo mawili matatu.

"Mwache mzee wa watu," Chuy akasema. "Amenipa nafasi ya kuweka viwiko. Vyangu vizima."

Wiki hiyohiyo daktari aliinua picha ya mkono wa Landry kwenye mwanga na kuwaonyesha mama na mwana mahali kano lilipoanza kuchanika. Litapona likipumzishwa, akasema. Ila angerusha hadi mwisho wa mchezo, lingekatika. "Nani alikutoa?"

"Mdakaji wangu aliniuliza."

"Mshukuru," daktari akasema. Renata alitoka nje akalilia kwenye korido, wala hakuwa analia kwa uchungu.

Jioni simu ikalia. Alikuwa yule kocha wa chuo, aliyeondoka mapema kwa sababu ya safari ndefu, si kwa lingine. Alitaka kujua daktari amesemaje. Alipoambiwa, akasema, "Mkono unaopona naweza kuungoja. Nafasi yako ipo."

Siku ya kutia saini mkataba na chuo, shule nzima ilijaa ukumbini. Landry alishukuru kifupi, kwani hakuwa mtu wa maneno. "Mama alinilea. Kocha alinifundisha. Lakini mkono huu ninao kwa sababu Chuy alinisemesha mlipokuwa mmeninyamazia wote." Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mzee Sedlak, huku akivitazama viatu vyake.

Kiangazi chote Renata alipeleka vitumbua kwa kina Barrientos, mpaka mama yake Chuy akamsihi aache, kisha akajibu mapigo kwa sufuria la tamale za unga wa mahindi zilizofungwa majani.

Mwaka uliofuata Landry alisimama kwenye uwanja wa chuo, kofia nyekundu kichwani. Mchezo ulifika katikati na hakuna aliyeupiga vizuri mpira wake. Aliporudi kukaa, wenzake walikuwa wameshahamia upande wa pili na maganda yao ya alizeti. Kimya kikamzunguka, kilekile cha Prosek.

"Landry!" Sauti ilitoka juu jukwaani. Chuy, ambaye sasa alimwaga zege na baba yake, alikuwa amesimama kwenye kiti na mabuti yake ya kazi. "Mkono vipi?"

Watu wakamzomea. Wachezaji wenzake Landry wakashika vichwa. Landry akacheka hadi mabega yakamtikisika, akakunja kiwiko, akakikunjua, akauinua mkono wote juu ili yule rafiki yake auone.

Mpira wake wa kwanza baada ya hapo ulipigwa, ukaruka mbali na kutua kwenye majani. Benchi zima likaguna. Landry alivua kofia, akageuka kule jukwaani na kusema asante, ijapokuwa kwa umbali ule Chuy hakuweza kumsikia.