Kituo cha Pampu

Wewe unayesoma, umepita pale pampuni mara ngapi huku macho yako yako kwenye simu? Usinijibu. Nimekuona.

Mpwa wangu ana miaka sita. Daktari amesema damu yake ina madini ya risasi, na kwamba asinywe tena maji yanayomdhuru. Maji gani mengine? Pampu ni moja.

Jumanne mkaguzi wa maji alikuja na kisanduku chake. Akachuchumaa kwenye bomba la kiwanda cha kuosha chupa, linalomwaga maji machafu mtoni, akachota.

"Kila mwaka unachota hapa hapa," nikamwambia.

"Mzee wangu, fomu inasema mdomo wa bomba. Na hapa hakuna risasi."

Kweli, hakuna. Kiwanda hakitumii risasi. Kinatumia dawa inayokamata madini, ili maji yasiache madoa kwenye chupa. Dawa hiyo haiozi upesi. Inateremka na mto hadi nyuma ya kiwanda cha betri kilichofungwa zamani, nilikosukuma toroli miaka kumi na moja. Najua tope la risasi lilimwagwa wapi, kwa sababu nililimwaga mimi. Lilikuwa limelala, limeng'ang'ania udongo. Dawa inaibandua ile risasi, inaibeba, inatuletea pampuni, inayovuta maji ya mto huo huo.

"Basi andika hiyo dawa," nikasema.

"Haina mstari kwenye fomu."

"Uongeze."

"Fomu inachapwa wizarani, mzee."

"Na hiyo kalamu nayo imechapwa wizarani?"

Dada yangu, mama wa mtoto, alicheka. Tangu hospitali hakuwa amecheka. Kisha akamsogelea mkaguzi, na kicheko kikakatika.

"Bwana mkaguzi, nimpe mtoto maji gani jioni hii?"

Mkaguzi akafunga kisanduku, akakifungua tena. Hatimaye akatuambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kututajia: watumiaji hamsini wakiomba kwa saini, ofisi inalazimika kupima pampuni, na dawa ile pia. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa saa tisa alasiri.

Tukazunguka mlango kwa mlango. Fundi viatu akasema yeye huchemsha maji yake. Nikamwambia, "Jirani, risasi haikimbii moto. Ukichemsha, maji yanapungua, risasi inabaki." Akatia saini huku akinung'unika. Mwingine akasema atafikiria. Afikirie nini? Mwingine akaniuliza nililipwa na nani. Shemeji yangu mwenyewe akasema hataki maneno na kiwanda.

Leo ni Ijumaa. Nimeandika haya asubuhi, nimeyabandika ukutani hapa ulipo. Tuna saini thelathini na nane. Karatasi iko kwa dada yangu, mlango wa bluu unaotazama pampu. Mtoto amekaa kizingitini na kikombe kitupu, tumemkataza kukijaza.

Ni hatua ishirini tu kutoka uliposimama. Kalamu ipo. Acha kusoma, nenda.