Filamu ya Tano

Ghala la filamu lilipewa miezi miwili ya kufunga virago, na kati ya miezi hiyo zilikuwa zimebaki siku tisa. Jengo lilitakiwa na ofisi nyingine, mashine ya kupoza chumba cha makopo ingezimwa, na barua kutoka juu ilisema bila kupinda kona: katika tamthilia zote za zama za filamu zisizo na sauti, tano tu ndizo zitakazopelekwa kunakiliwa upya. Nyingine, makopo mia moja na ushei, zingechukuliwa na lori la kiwanda zikayeyushwe.

"Tano," alisema karani akiikunja barua. "Walihesabu vidole vya mkono mmoja, wakachoka."

Pamba hakucheka. Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake kazini walimwita hivyo kwa sababu ya glavu nyeupe za pamba alizovaa akikagua mikanda, na kwa sababu ya sauti yake. Karani alisema ukitaka kuisikia, sharti ushike pumzi kwanza. Kazi yake ilikuwa kuuvuta kila mkanda juu ya meza yenye taa chini ya kioo, shubiri kwa shubiri, kuunga palipokatika, kufuta vumbi, kisha kuandika kwenye fomu moja kati ya maneno matatu: nzima, mgonjwa, imekufa. Ilimfaa kazi hiyo. Mikanda haikumtaka aseme neno.

Jioni ile alipofika nyumbani alimkuta mama yake kwenye kiti cha dirishani, akipinda ukingo wa pazia kwa sindano. Mama alikuwa kiziwi tangu utotoni, na sasa presha ya macho ilikuwa inamla kutoka pembeni kuja katikati. Daktari alisema mwaka ukiisha na uoni utakuwa umekwisha. Alikuwa anaiona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Pamba alijifunza kuzungumza naye kwa ishara ndogo ndogo, mikono ikiwa karibu na kifua, isije ikatoka nje ya kile kiduara kilichobaki.

"Tano tu, mama," alimwambia kwa mikono.

Mama aliweka sindano chini. "Na Mama Dobi?"

"Bado hatujachagua."

Mama Dobi ilikuwa filamu ya mwanamke anayefulia jeshi wakati wa vita. Kila wiki analetewa marundo ya mashati kutoka mstari wa mbele, anayafua, yanarudi. Siku moja anainua shati na kukuta kiraka alichokishona mwenyewe begani mwa mwanawe. Halii. Analifua lile shati, analianika, kisha anakaa chini ya kamba mpaka likauke. Basi. Mama aliiona mara tatu alipokuwa msichana, katika ukumbi mmoja uliokuwa ukionyesha filamu za zamani Jumamosi asubuhi, na shule ya viziwi ikipelekwa kwa mstari, wawili wawili.

"Taa zilipozimwa," mama alipenda kusimulia, "palikuwa na watu mia mbili mle ndani, na kwa kuwa filamu haikuwa na sauti, wote walikuwa viziwi kama mimi. Hakuna aliyenipita. Walipolia, nililia nao saa ileile."

Kwa mama, hayo ndiyo maisha yote ambamo hakuwahi kuachwa nyuma: saa moja na nusu, mara tatu. Na nakala itakayorudi ingeweza kurushwa ukutani, ndogo na yenye mwanga mkali, ikatosha ndani ya bomba lile. Ilikuwa lazima iwe miongoni mwa tano, na ilikuwa lazima iwe mwaka huu.

"Utawaambia?" mama aliuliza.

"Nitawaambia."

Mama alimjua bintiye. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema kwa vidole. "Na anayekuwepo akanyamaza, je?"

Kikao kilifanyika Jumatano, watu wanne mezani: Mkuu wa ghala, ambaye alikuwa mwanamke mrefu aliyezoea kukata maneno kama anakata uzi, karani, Pamba, na fundi mzee, ambaye aliendesha projekta kwa miaka arobaini kabla ya kuja kulinda makopo. Kila kopo alilolijua, fundi alilisemea kama jirani yake.

Filamu mbili za kwanza hazikuleta ubishi. Ya hakimu anayemhukumu binti yake bila kumtambua ilipita, na ile ya gharika ikapita. Kwa ya tatu karani alipigania filamu iitwayo Kisima, ambayo mwovu wake anatumbukia kisimani mwishoni.

"Karani, hiyo unaipenda kwa ajili ya kile kisima tu," fundi alisema.

"Mzee wangu, na wewe onyesha yako ambamo mbaya anapata haki yake. Zote wanalia, wanakufa, wanakwenda zao. Mtu anatoka ukumbini anataka kujinyonga!"

"Ndiyo maana zikaitwa tamthilia. Ukitaka kucheka, nenda kajitazame kwenye kioo."

Mkuu aligonga meza kwa kalamu. Kisima ikapita, na baada yake filamu ya mwalimu wa kike anayefukuzwa shuleni kwa barua asiyoiandika. Ikabaki nafasi moja.

"Ndugu wa Kivuko," alisema fundi, na sauti yake ikabadilika. Hakuna aliyeshangaa. Alikwisha kuwasimulia mara nyingi: ndugu wawili wenye pantoni moja, hawajasemezana kwa miaka ishirini, mmoja anavuta kamba, mwingine anashika usukani. Anapokufa wa usukani, yule wa kamba anaendelea kuvuta peke yake, na chombo kinazunguka tu katikati ya mto. "Nimeirusha mara mia. Sijawahi kuangalia mwisho wake nikiwa nimeketi."

"Kuna mwenye lingine?" Mkuu aliuliza. "Anayepinga aseme. Moja."

Pamba aliangalia glavu zake.

"Mbili."

"Mimi," alisema.

Karani aligeuka na kiti chake. "Jamani! Kimya kingi kina mshindo mkuu. Shikeni meza."

Pamba akasema. Hakusema vizuri, alianzia katikati, akarudi nyuma, akataja shati kabla ya kumtaja mwanamke, akataja macho ya mama yake kabla ya kusema kuwa mama ni kiziwi. Sauti ilimkatika mara mbili. Lakini alifika mwisho, na alipofika, karani alikuwa ameacha kutabasamu.

"Hali ya mkanda?" Mkuu aliuliza.

"Nzima," Pamba alijibu. "Niliukagua mwenyewe."

Mkuu alipekua fomu, akaiona: nzima, na sahihi ya Pamba, ya miaka miwili iliyopita. Ghalani walikuwa na desturi kwamba kopo lililokwisha kuandikwa nzima halifunguliwi tena bila sababu, maana kila ukifungua unaingiza joto na unyevu. Kwa hiyo hakuna aliyesema likafunguliwe.

"Zimebaki mbili na nafasi moja," Mkuu alisema. "Tupige kura."

"Hakuna haja," alisema fundi. Alikuwa amevua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati, na alichukua muda mrefu kuifuta. "Mimi yangu ninayo hapa," akagusa kipaji cha uso. "Nikifa itakwenda na mimi, haina shida. Mama wa huyu mtoto ana haraka kuliko mimi. Andika Mama Dobi."

"Mzee, una hakika?"

"Andika, mama, kabla sijakuwa mchoyo."

Nje ya chumba cha kikao Pamba alimshika fundi mkono. "Babu," alisema tu. "Babu."

"Haya, mjukuu wangu. Siku ya kuionyesha unialike. Nikae nyuma ya mama yako."

Ijumaa asubuhi lori lilikuja. Wapagazi walipakia kwa saa tatu. Fundi alisimama mlangoni kofia ikiwa mkononi, na kila kopo lilipopita alilitaja jina kwa sauti ya chini. Kopo la Ndugu wa Kivuko lilipopita hakulitaja. Aliligusa kifuniko kwa vidole viwili, akatazama pembeni.

Jumatatu walianza kuyafungua yale matano, ili mikanda isafishwe kabla ya kufungwa kwa safari. La hakimu lilikuwa safi. La gharika lilikuwa na ukungu kidogo. Pamba aliliacha la Mama Dobi liwe la mwisho, kama mtu anayebakiza kipande kitamu. Alilitoa nyuma ya rafu ya chini, mahali alipolificha mwenyewe.

Lilikuwa limefungwa kwa mfuko wa plastiki, na juu ya mfuko utepe wa gundi umezungushwa mara tatu, na juu ya utepe mfuko wa pili. Yeye ndiye aliyefanya hivyo, miaka miwili nyuma, msimu ule dari la chumba baridi lilipovuja. Makopo mengine aliyafuta maji akayarudisha. Hili alilifunga wasiweze hata wadudu kupenya, na akalibana kifuniko kwa nguvu zake zote. Kila mwezi fundi alipowapitisha kwenye rafu kulegeza vifuniko bila kuvifungua, akisema mkanda hupumua kama mtu, ukiuziba unajisonga kwa pumzi yake mwenyewe, Pamba alilegeza vyote isipokuwa hiki. Alijua kanuni. Alifundishwa chuoni, akaifanyia mtihani, akafaulu. Lakini kila alipotaka kulifungua alisikia yale maji yakidondoka, mkono ukarudi nyuma. Aliona heri lile moja likae limefungwa, salama.

Alipokata mfuko wa kwanza hakusikia kitu. Alipokata wa pili, harufu ya siki ilimpiga usoni mpaka machozi yakamtoka.

Karani, aliyekuwa anaandika lebo meza ya pili, aliinua kichwa. "Nani kamwaga siki?"

Kifuniko kiligoma. Fundi alikuja akakikongoa kwa bisibisi. Ndani hapakuwa na mkanda. Palikuwa na kitu kimoja kizima cha rangi ya kahawia, kimejikunyata na kushikana kama kwato, na juu yake unga mweupe. Pamba alijaribu kuinua ncha. Ikavunjika mikononi mwake kama jani kavu. Akajaribu pengine, ikavunjika. Alivua glavu, kana kwamba vidole vitupu vingepata kitu, akajaribu kwa kucha.

"Acha," alisema fundi. "Acha, binti. Imekufa." Akaangalia ile mifuko iliyochanwa, ule utepe wa mizunguko mitatu. "Nani aliifunga hivi?"

"Mimi."

"Ulikuwa unalegeza kifuniko?"

"Hapana, babu."

Fundi akamgeukia karani, na uso wake ukawa na tumaini la kipumbavu, tumaini la mtoto. "Lile lori?"

"Mzee wangu, lile liliondoka Ijumaa. Walisema wakifika wanatia kwenye tangi siku hiyohiyo."

"Piga simu."

Karani alipiga. Alisema ndiyo, ndiyo, alisema ahaa, akashukuru. Aliweka simu chini taratibu na hakupata mzaha wowote wa kusema, na hapo Pamba alijua.

"Basi," alisema fundi. Alichukua kofia yake.

"Babu, nisamehe."

"Usiniombe radhi leo," alisema bila kumtazama. "Leo sina. Niombe siku nyingine." Akatoka akipapasa ukuta, kama ngazi zimeongezeka.

Mkuu aliposikia hakugomba. Alichukua orodha, akaifuta ya tano kwa mstari mmoja, akasema muda wa kuleta nyingine umekwisha, hata ya kuleta hakuna, na kwamba zitakwenda nne. Alimwambia Pamba aende nyumbani.

Ilikuwa bado mchana mweupe. Mama alikuwa dirishani, amegeuzia uso mlango, kwa kuwa tangu asubuhi alikuwa anangoja. Alimjua kwa mtikisiko wa sakafu kabla ya kumwona.

"Mmelifungua?" mikono yake ilikimbia. "Liko safi? Linakwenda lini?"

Pamba alipiga magoti mbele ya kiti. Alitaka kusema uongo. Alikuwa ameupanga njia nzima: wamelipeleka, litachelewa, mitambo imejaa. Uongo ungetosha mpaka mwisho wa mwaka, na baada ya hapo usingedaiwa tena. Lakini mama alikuwa amesogea mbele na kuinamisha kichwa, akimtafuta kwa lile tundu dogo, na mikono ya Pamba haikuwahi kumdanganya mtu yule.

"Imekufa," alisema. "Mimi ndiye niliyeiua. Niliifunga."

Alisema haraka mno, na ishara zikatawanyika.

"Sikuona," mama alisema. "Rudia. Karibu zaidi."

Ikabidi arudie. Alisogeza mikono palipo na mwanga, akaifanya midogo, wazi, moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto. Imekufa. Mimi. Niliiua. Alisubiri mpaka aone kila neno limeingia, na aliliona kila moja likiingia.

Mama hakulia. Alikaa mikono ikiwa mapajani kwa muda mrefu. Kisha mkono mmoja ukainuka.

"Na ile ya mzee? Ya ndugu wawili. Hiyo basi itakwenda badala yake?"

Pamba aliinua mikono yake kujibu, ikabaki hewani. Mama akasogea tena mbele, akalenga jicho, akidhani jibu limempita pembeni.

"Sijaona," alisema. "Rudia."