Kuanzia Mita Sita Kwenda Juu

Mgeni aliingia bila hodi, Jumanne saa mbili asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo, kofia ngumu kichwani, sanduku la njano mkononi na kigoda cha miguu mitatu begani.

"Ofisi ya michoro ndiyo hii? Nimetumwa na makao makuu. Nimekuja kukipiga leza kiwanda chenu."

Mchoraji alisimama haraka hadi kiti kikaanguka. Ni yeye aliyeijenga modeli ya kiwanda hicho cha sabuni kwenye kompyuta, bomba kwa bomba, vali kwa vali, mwaka mzima tangu atoke chuoni. Keshokutwa, Alhamisi, kwenye kikao cha saa nne, angethibitishwa kuwa mtunza modeli. Habari za ukaguzi hakuna aliyempa.

"Usinitazame hivyo, na mimi nimeambiwa jana jioni," mgeni akasema huku akicheka. "Mnafunga bomba jipya la mvuke Ijumaa. Wakubwa wanataka kujua kama nafasi yake ipo kweli au ipo kwenye kompyuta tu."

"Ipo. Vipimo alichukua mjomba wangu."

Alisema hivyo kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Kiwanda kizima kilimwita mjomba wake Rula. Alikuwa amepima kwa miaka ishirini na minane, na watu waliapa kwamba hajawahi kukosea hata upana wa unywele. Alimfundisha mpwa wake kusoma mchoro kabla mtoto hajaweza kusoma gazeti.

Hata kazi ya modeli waliifanya wawili. Mjomba alipanda na tepu, mpwa akabaki chini na daftari. Mjomba akipaza sauti kutoka juu, "Nne nukta mbili sita!" yeye alirudia kwa sauti, na mjomba akajibu, "Piga muhuri!" Wafanyakazi waliokuwa wakipita walicheka na kurudia, piga muhuri, piga muhuri. Kila alipoomba apande naye, mjomba alikataa katakata.

"Uteleze huko, halafu mimi nikamwambie nini mama yako? Nimpelekee viatu?"

Kisha alishuka akipangusa mikono na kumpa pipi ya tangawizi. Mchoraji aliona raha kuwa na mtu wa kumwonea uchungu namna ile.

Mgeni alifanya kazi siku mbili. Alisimamisha kifaa chake juu ya kigoda, kikazunguka polepole kikirusha mwanga kila upande na kuhesabu umbali wa kila kitu ulichokigusa. Akakihamisha, kikazunguka tena. Jumatano alasiri wakakaa pamoja mbele ya kompyuta, wakayalaza mamilioni ya nukta zile juu ya modeli. Palipolingana paliwaka kijani. Palipopishana paliwaka nyekundu.

Chini kote kulikuwa kijani, na mchoraji alitabasamu. Mgeni akaipandisha picha. Kuanzia mita sita kwenda juu, kila bomba lilikuwa jekundu.

"Sentimita kumi na nane," mgeni akasema taratibu.

"Labda mashine yako haikutulia."

"Isingetulia, na huku chini kungeharibika, mwanangu."

Mchoraji alichukua daftari lake. Nne nukta mbili sita. Akavuta droo ya chini, akatoa mchoro wa zamani, wa kabla ya ukarabati uliosogeza nguzo za mabomba. Nne nukta mbili sita. Akashuka mstari wa pili, wa tatu, wa saba. Namba zote zilikuwa zilezile, mpaka sentimita ya mwisho. Mwaka mzima alikuwa akisomewa karatasi kuukuu kutoka juu, naye akiirudia kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Alivaa kofia akapanda mwenyewe. Ngazi ya kwanza ilimfikisha kwenye jukwaa la mita sita. Nyuma ya tangi, mahali ambapo mtu aliye chini hawezi kuona, palikuwa na boksi lililokunjuliwa, limebonyea katikati kwa kukaliwa. Kando yake yalitapakaa makaratasi ya pipi za tangawizi. Ngazi ya pili ilikuwa na utando wa buibui kutoka kipandio hadi kipandio.

Alishika chuma kwa mikono miwili mpaka pumzi ikarudi. Mjomba angemdanganya meneja, yeye angemtetea. Lakini alimdanganya yeye, tena akimtumia mama yake.

Alimkuta karakana, amekaa karibu na bomba jipya.

"Mjomba, juu kabisa ulipanda lini mara ya mwisho?"

"Siku hizi mtu anapigwa maswali kabla ya salamu?"

"Shikamoo. Ulipanda lini?"

"Marahaba..." Mjomba alianza kucheka, kisha akaliona karatasi la pipi mkononi mwa mpwa wake. Kicheko kikamfia mdomoni. "Miaka mitano. Nikivuka ngazi ya kwanza dunia inazunguka. Ningesema, kesho yake wangenitoa."

"Ungeniambia mimi. Ningepanda mimi."

"Nikuambie wewe kwamba Rula anaogopa ngazi? Kwa jinsi ulivyokuwa unaniangalia?" Akasugua magoti. "Bomba halina miguu, mama. Sikujua kama kuna mtu atarudi kupima."

"Sahihi ni yangu, mjomba! Keshokutwa mafundi wangening'inia huko na tani mbili za chuma, wanatafuta mahali ambapo hapapo."

Mjomba aliinamisha kichwa.

"Nitasema mwenyewe. Nipe mpaka kesho saa nane mchana. Nimwambie kwanza mke wangu, halafu niende kwa meneja kwa miguu yangu. Usinitaje kabla ya hapo. Niahidi."

Mchoraji alitaka kukataa. Aliyatazama mabega yale, akashindwa.

"Bomba nalizuia sasa hivi. Jina lako, mpaka saa nane."

Alhamisi saa nne, meneja aliitupa picha nyekundu mezani.

"Haya. Nani alipanda kupima?"

"Nitakujibu saa nane mchana, mzee."

"Saa nane? Tuko kikaoni au tunasubiri matokeo ya mpira?"

Watu wakacheka. Chini ya meza kiatu cha mgeni kiligusa chake. Mgeni naye alikuwa ameliona lile boksi nyuma ya tangi. Mchoraji akatikisa kichwa kidogo tu, na mgeni akanyamaza.

"Basi jina lililopo ni lako," meneja akasema. Kabla ya chai nywila ya modeli ilikuwa imebadilishwa, na mwaka wake mzima ukamfungia mlango.

Alimtafuta mjomba stoo, akamtafuta karakana. Simu yake ilikuwa imezimwa. Saa saba alifika getini.

"Rula?" mlinzi akasema. "Katoka saa tatu na begi lake. Kaniaga kwa mkono, hata nikashangaa. Siku zote ananipungia tu."

Alirudi akakaa kwenye benchi nje ya mlango wa meneja. Alijua sasa kwamba hakuna anayekuja. Saa tatu, hata kabla ya kikao! Mtu alipokuwa anamwahidisha, moyoni alishapanga begi. Mara mbili aliinua mkono abishe hodi, na mara mbili akaushusha.

Saa nane kasoro dakika tatu meneja alitoka na faili kwapani na funguo za gari mkononi.

"Ripoti naondoka nayo makao makuu. Ina jina lako, na ikishafika huko mimi siigusi tena. Una la kusema, sema sasa."

Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lingemtoka kwa pumzi moja, na hakuna ambaye angemlaumu. Alitazama saa ya ukutani.

"Bado dakika tatu, mzee."

"Ukaidi wa kitoto," meneja akasema, akashuka ngazi. Mlango wa gari ukabamizwa, injini ikawaka, geti likafunguliwa.

Mchoraji alibaki kwenye benchi, mikono mapajani, akizikalia dakika zile mpaka ya mwisho.