Kikombe cha Hija

Kitoto kichanga cha Antonia kilipokufa hata hakijabatizwa, hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Walimtenga tu, kama desturi ya Wairaqw inavyotaka: mwaka mzima asiingie nyumba ya mtu, asichote maji pamoja na wenzake, asinywe katika chombo cha mwingine, kifo kisije kikahamia kwa watoto wa watu. Katika kijiji cha ujamaa kule Karatu, nyumba zilivyobanana, mwaka huo ni mrefu jamani.

Mwezi wa saba tangu mazishi, katekista Clemensi akamwambia aandamane na waumini wenzake kuhiji katika kanisa kongwe la wamisionari. Aingie, asali, anywe maji ya baraka pamoja na mahujaji, na kutengwa kwake kuishie hapo hapo. Antonia akakubali. Siku hizo hakuwa na uchungu wala hasira, alikuwa mtupu moyoni. Alichotaka ni kimoja tu, kurudi kwa watu.

Wakatembea siku mbili, yeye nyuma kabisa. Kanisa lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, kuta za mawe matupu, na mbele Bikira Maria amempakata mwanawe. Antonia alimtazama yule mtoto wa plasta, akangoja moyo umuume. Haukuuma. Waliokaa naye benchi moja wakahama mmoja mmoja, kwa adabu sana, kila mtu na kisingizio chake. Clemensi akajitia haoni.

Nje, penye pipa la maji yaliyobarikiwa, Clemensi akampa kikombe cha bati mbele ya wote. Antonia akanywa. Mahujaji wakatazamana, nani sasa atakayekunywa baada yake? Ndipo akajitokeza Evarista, jirani yake, mwanawe Inosenti wa miezi mitatu mgongoni. Akakitwaa kikombe kile kile, akachota, akasema wote wasikie kwamba amechoka kumwona mwenzake akiishi kama mzimu.

Hicho ndicho Antonia alichokifuata kwa miguu siku mbili. Kikombe kilikwisha kufika midomoni mwa Evarista pale Inosenti alipokohoa kidogo, na Antonia akashikwa na woga, kitu cha kwanza kumshika tangu mazishi. Akaupiga ule mkono. Maji yakamwagika yote.

"Mama Inosenti, usinywe," alisema. "Unanyonyesha."

Kisha akajitenga mwenyewe, hatua kumi hivi, na hakuna aliyemwita arudi.