Mkono wa Diwani Tsonka

Baraza la mji wa Medni Brod hukutana Jumatatu ya mwisho wa kila mwezi, katika ukumbi ulio juu ya posta. Siku ile ya mwisho wa Februari madiwani wote kumi na mmoja walikuwapo. Mezani palikuwa na maji ya chupa na sahani ya biskuti za chumvi, na jiko la kuni lilikuwa limekokwa tangu asubuhi, hata koti la mwenyekiti lilikuwa likitoa harufu ya kondoo. Ng'ambo ya pili ya mtaa, mwenye mgahawa alikwisha kuteleka supu ya matumbo, kwa kuwa alijua baraza halichelewi.

Baraza halichelewi kwa sababu ya desturi yake. Mwenyekiti, Bwana Rangel Puchev, huuliza, "Wanaokubali?" na mikono yote huinuka. Kisha katibu husoma kile kilichokubaliwa. Asiyependezwa na alichokisikia hushusha mkono wake kabla ya kuhesabiwa. Zamani ilikuwa kinyume chake, kusoma kwanza na mikono baadaye, lakini supu ilikuwa ikipoa.

Walikwisha kupitisha ununuzi wa chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa barafu, na jina jipya la kichochoro kilicho nyuma ya kanisa. Mwenyekiti akauliza tena, mikono ikainuka, naye katibu Vidka akasoma: chekechea ya Mtaa wa Juu ifungwe, watoto wahamishiwe chekechea ya mjini, na jengo lipangishwe kwa mfanyabiashara wa mashine za kamari. Mfanyabiashara huyo alikuwa mkwe wa mwenyekiti. Hilo halikusomwa, maana hakuna aliyekuwa halijui.

Madiwani watano wakashusha mikono. Diwani Tsonka Gergova, mwenye saluni ya kutengeneza nywele, alitaka kuwa wa sita, lakini mkono wake wa kulia haukushuka. Aliuvuta kwa mkono wa kushoto, nao haukushuka. Haukumuuma wala haukutetemeka. Ulisimama tu, vidole vimenyooka, kama ulivyozoea kusimama katika muda wote wa udiwani wake.

"Napinga," alisema.

Vidka alimtazama juu ya miwani. "Dada Tsonka, mkono uko juu."

"Mkono uko juu, lakini mimi napinga."

"Kanuni inasema kura ni mkono. Mdomo haumo."

"Basi nisaidieni kuushusha, jamani."

Diwani aliyeketi kando yake, ambaye kwa kazi yake ni daktari wa mifugo, aliinuka, akaushika mkono ule mahali pawili na kuuvuta kwa adabu, kama avutavyo ndama anayechelewa kuzaliwa. Kisha akaketi, akajifuta jasho. "Ni mzima kabisa," akasema. "Hautaki tu."

"Sita," alisema Vidka, akaandika. Mwenyekiti akawaambia washushe mikono, wakashusha, isipokuwa mmoja. Mambo yaliyosalia yalipita upesi kuliko kawaida, kwa kuwa kila yalipofika yaliukuta mkono wa Tsonka ukiyangojea.

Nyumbani, mumewe Gencho alimpasua koti kwapani ili liweze kuvuliwa, akamkatia blauzi tatu kwa namna hiyohiyo. Daktari wa zahanati alimpima shinikizo la damu kwenye mkono mwingine na kulikuta liko sawa. Kesho yake ilikuwa tarehe mosi Machi, siku ambayo watu wetu hufungana uzi mwekundu na mweupe kwenye vifundo vya mikono, uzi unaovaliwa mpaka mtu amwone korongo wa kwanza au mti wa kwanza uliochanua. Watoto wa Mtaa wa Juu walipanda juu ya kiti mmoja baada ya mwingine, wakaufunga uzi wao kwenye mkono ulioinuka, maana ulionekana vizuri kutoka barabarani.

Saluni haikufungwa. Tsonka alikata nywele kwa mkono wa kushoto, mteja mwenyewe akishika kitana. Masika hayo vichwa vya mji wetu vilikuwa vifupi upande mmoja, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa wote walifanana.

Sevda, mfumaji wa kiwanda cha soksi, alikuja saluni bila kutaka kukatwa nywele. Alikuwa na mwanawe Asen, mwenye umri wa kwenda chekechea na buti zilizovaliwa kinyume. Hakuketi.

"Umetuuza, dada Tsonka."

"Sikuwauza. Nilisema napinga, wote wamesikia."

"Ulisema kwa mdomo! Mdomo wa nani umewahi kuhesabiwa mle ndani?"

"Sevda, dadangu, tazama. Unadhani napenda kulala hivi? Gencho ananiita mti wa bendera."

"Mwenzio sicheki. Mimi naingia kazini alfajiri. Chekechea iko mlango wa tatu kutoka kwangu, namwacha huyu, nakimbia. Sasa nivuke naye barabara kuu? Gizani, na yale malori ya magogo? Msimu uliopita yalimpitia punda wa mzee Sali, mkokoteni wakaukuta kwenye daraja."

Tsonka alikuwa akimjua punda yule.

"Na siku zote huwa unainua tu?" aliuliza Sevda. "Kabla hata ya kusomewa?"

"Sote tunainua."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tunavyofanya."

Asen alikuwa akiutazama mkono. "Unataka kwenda haja?" alimuuliza Tsonka, maana ndivyo wanavyoombea ruhusa kule chekechea.

Wanawake wale wawili wakacheka, na walipokwisha kucheka Sevda aliketi. Akaeleza alichokuja nacho. Wazazi walikuwa wamesoma sheria pamoja, mmoja akisoma na wengine wakimwuliza maana ya kila neno. Sheria iliwaruhusu kudai kura irudiwe mara moja. Walidai, wakakubaliwa, na kura ingerudiwa katika kikao cha Aprili, kwa kuwa kile cha Machi kilikuwa kimeahirishwa kwa sababu ya mafua.

"Kwa hiyo, dada, siku hiyo usiende," alisema Sevda. "Basi. Wewe usipofika, mkono nao haufiki. Watabaki watano kwa watano, na azimio linaanguka."

"Na wakinifuata?"

"Utakuwa umelala. Mgonjwa. Huwezi kushusha mkono, na kulala pia huwezi?"

Tsonka alimwahidi. Alimpa Asen biskuti, akamgeuzia buti zake, kila moja mguu wake.

Korongo alifika mwishoni mwa Machi, akitokea kusini wanakoshinda majira ya baridi wakila nzige. Tsonka alikuwa uani akianika mashuka kwa mkono mmoja. Ndege alizunguka juu ya paa, akalitazama bomba la moshi, akautazama mkono, akauchagua mkono. Alileta kijiti. Tsonka alisimama akidhani ataondoka. Akaleta kingine. Jioni mwenzake alikuja na matope, na kabla ya giza kuingia walikuwa na msingi.

Gencho alileta kiti, kisha blanketi, kisha mti wenye panda, ule wa kuegemezea mzabibu, akautegemeza mkono wa mkewe. Siku zilizofuata alimjengea paa la nailoni lililoishia begani, na kitanda chenye mgongo wa kuinuka. Mambo mengine aliyapangia ndoo na pazia, na hayo tuyaache hapo. Mayai yalipotagwa alikuja afisa wa ndege kutoka mkoani, akapanda ngazi, akahesabu mayai matatu, akatundika kibao langoni kwamba kiota hiki kinalindwa na sheria, na ni marufuku kukiondoa, kukitikisa au kukihamisha. Alimuuliza Tsonka kama ana swali.

"Nina kazi ya udiwani," alisema Tsonka.

"Hiyo hairuhusiwi kukitikisa," alisema afisa, akampa kipeperushi.

Sevda alipopata habari alifurahi. Sasa hata wakimfuata hawataweza kumpeleka ukumbini, alisema. Alikuja kila jioni baada ya kazi, akamlisha Tsonka mtindi kwa kijiko, akamwambia kwamba Mungu wakati mwingine hutuma msaada wenye miguu mirefu. Asen alikaa chini ya kiota akilia kama korongo, kwa kugonga vijiko viwili vya mbao.

Jumatatu ya mwisho wa Aprili, mbele ya posta, Bwana Rangel aliwahesabu madiwani wake, akapata kumi. Hakukasirika. Aliuliza kama kanuni inakataza baraza kukutana mahali pengine, Vidka akasema haikatazi. Basi wakajipanga, wakachukua mkate wa sherehe, chumvi, chupa mbili za rakia, pombe kali ya plamu, na meza ya kukunja, wakapanda Mtaa wa Juu kwa miguu. Mwenye mgahawa aliwafuata na sufuria, kwani supu ilikuwa tayari.

Walibisha lango la Tsonka kwa heshima.

"Usifungue," alisema Tsonka.

Gencho alikuwa amesimama katikati ya ua, kitambaa cha vyombo begani. "Ni wageni, Tsonka."

"Najua ni nani."

"Wameleta mkate na chumvi."

"Gencho, nakuomba. Nimempa mtu ahadi."

"Mgeni amesimama langoni na mkate mkononi, niseme nini? Niseme hatupo? Wewe unaonekana mpaka stesheni!" Alilitazama lango kama mtu anayeumwa. Baba yake hakuwahi kumwacha mgeni nje, wala babu yake, hata mwaka ule mgeni alipokuwa mkusanya kodi. Akafungua. Akaumega mkate, akauchovya katika chumvi, akala, akawakaribisha.

Madiwani waliketi chini ya mplamu uliochanua. Watano waliokuwa wakipinga walikuwa wa kwanza kusifu rakia. Wazazi walikuwa wameanza kukusanyika kwenye uzio, na Sevda, aliyekimbia kutoka kiwandani na nyuzi nywelani, alipenya akafika hadi kwenye kiti cha Tsonka.

"Inuka," alimnong'oneza. "Ingia ndani ujifungie. Dada, inuka!"

"Mlango ni mfupi. Kiota kitaanguka."

"Na kianguke!"

Tsonka alisukuma blanketi kwa mguu, akasimama. Mti wenye panda ukalegea. Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Juu ya kiganja chake mayai yaliviringika, yakagongana kidogo, sauti yake ikasikika ua mzima, na korongo aliyekuwa akiyaatamia alifungua mbawa zake lakini hakuruka. Aliinamisha shingo, akamtazama Tsonka usoni kutoka juu. Sevda naye alitazama juu. Wanawake wote wawili walikuwa wamelea watoto.

Tsonka alirudi nyuma hatua ileile, akaketi. Sevda ndiye aliyeurudisha mti wenye panda mahali pake.

"Wema wako tunaujua, dada Tsonka," alisema mwenyekiti. "Tuendelee. Wanaokubali?"

Mikono ikainuka. Vidka akasoma kuhusu chekechea, jengo na mashine. Watano wakashusha.

"Napinga," alisema Tsonka. "Napinga, Vidka. Andika."

"Nimeandika kama maoni," alisema Vidka, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Sita. Ule wenye kiota umo."

"Rangel!" aliita Sevda kutoka chini ya kiota. "Wajukuu zako wanasoma wapi?"

"Mjini, binti yangu. Upande uleule wa barabara wanakokaa."

"Hawavuki."

"Hawavuki," alikubali mwenyekiti, bila ubaya wowote.

Kisha, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kumwona korongo kwa karibu mwaka huo, madiwani walivua nyuzi zao nyekundu na nyeupe, wakazifunga kwenye matawi ya mplamu, kila mtu akiomba afya moyoni. Gencho akawagawia supu. Ilikuwa bado moto, na mwenyekiti alipendekeza vikao vyote vya majira ya joto vifanyike hapo. Hoja ikapita.

Mwezi Mei chekechea ilifungwa. Mlango wa watoto ulikuwa mdogo mno kwa mashine za kamari, ukabomolewa. Makinda matatu yalianguliwa, nayo yanakula vizuri.

Ua wa Tsonka ni wa mwisho kabla ya barabara kuu. Kila alfajiri akina mama wa Mtaa wa Juu huwateremsha watoto, husimama kwenye ukingo wa lami mbele ya uzio wake, kwa kuwa hapo ndipo pa kuvukia. Tsonka huwa ameshaamka. Madereva wa malori ya magogo wanamjua sasa. Wanapofika huchungulia dirishani, huvua kofia kumwamkia korongo, na hupiga honi ndefu ya kumtakia kila mtu heri. Mwendo hawapunguzi.

"Bado," husema Tsonka, ambaye kutoka kitini pake anaiona kona. "Subirini. Linakuja jingine."

Sevda humshika Asen mkono, wakangoja.