Herufi Zilizovaa Kofia

Kabla ulimi wake haujawa mzito, baba yangu, Mwalimu Werema, aliingiza maneno mia tatu na kumi na mawili kwenye tovuti niliyomtengenezea. Alikaa kwake Butiama na simu mkononi, akawa anaandika neno la lugha yetu upande wa kushoto na maana kwa Kiswahili upande wa kulia. Kisha kiharusi kikampiga, na tangu Machi hajatamka hata jina langu, Dorah.

Mimi nilikuwa ofisini Makoko, kando ya ziwa, mchana mzito, dirisha wazi, wadudu wa ziwani wamesimama juu ya maji kama moshi wa jiko. Mbele yangu, kwenye skrini, ulikuwa uharibifu. Lugha yetu ina u ya kawaida na ina nyingine yenye mstari, ʉ, sauti inayoelea katikati ya u na o. Kila palipokuwa na ʉ palisomeka Ê‰: E iliyovaa kofia, na nyuma yake kitu kinachofanana na alama ya asilimia. Maana zote zilikuwa nzima. Kiswahili hakina herufi za mapambo, ndiyo maana sikugundua mapema. Nilipoijaribu tovuti niliandika "samaki" na "habari za asubuhi", vikapita vizuri, nikajipongeza. Mjinga mimi.

Neno la mwisho ndilo lililoninyima raha. Maana yake ilisomeka hivi: kumwita mtu aliye mbali, ukijua hasikii. Neno lenyewe lilikuwa vurugu tupu, ÃŠâ€° mara mbili, hata alama ya yuro imo. Aliliandika mwezi niliokuwa Dar es Salaam na simu zake sipokei. Mama ni Mjita, lugha yake ni nyingine, halijui. Niliuliza wazee wawili wa kwetu, kila mmoja akanipa neno lake.

Masanja, ninayeshirikiana naye ofisi, alichungulia begani kwangu. "Si ufute hizo takataka, uweke u ya kawaida? Jumapili tunazindua tovuti kanisani. Nani atajua?"

"Baba atajua."

"Mzee si haongeagi siku hizi?"

Nilimtazama mpaka akaenda kutafuta chai.

Kosa lilikuwa langu. Tovuti ilipeleka herufi kwa UTF-8, mfumo unaobeba herufi za lugha zote, lakini njia ya kuingilia kwenye hifadhidata niliiacha na mpangilio wa kizamani, latin1. Herufi moja yenye baiti mbili, yaani namba mbili za kompyuta, ikapokelewa kama herufi mbili. Kama hifadhidata ingeweka alama za kuuliza mahali pake, kazi ya baba ingekuwa imepotea, kwa kuwa hapo herufi hairudi tena. Lakini baiti zilikuwepo zote, zimevaa nguo za watu wengine. Nikatoa nakala, nikarekebisha njia, nikaamuru kila neno lirudi kuwa baiti kisha lisomwe upya.

Kofia zikaanza kuvuliwa. Nilikaa nikiangalia, macho wazi lakini nusu usingizini, na kwa muda niliona kama herufi zinatoka ziwani moja moja, zinakung'uta maji, kila moja inapita dirishani na kutafuta nyumba yake. Nilijisikia mtoto. Nilisikia hata harufu ya chaki.

Maneno arobaini ya mwisho hayakufunguka. Yalirudi kuwa Ê‰, yakakwama hapo. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Hivi baba alikuwa anaandikaje?"

"Marahaba. Mwanzoni alikuwaga anaandika ya kwake. Baadaye akaona kwenye simu kompyuta yako inaandika tofauti, basi akawa anakopi vile vile ya kompyuta. Nikamwambia, mwalimu, hii mbona si lugha yenu? Akasema kompyuta ya Dorah haiwezi kukosea."

Niliweka simu mezani nikalia. Miaka thelathini na mbili alisahihisha madaftari ya watu kwa wino mwekundu, halafu akajisahihisha mwenyewe ili afanane na kosa langu. Herufi zile ziliharibika mara mbili. Nikayapitisha hayo arobaini peke yake kwenye amri ile ile mara ya pili, na neno la mwisho likatoka, safi.

Kesho yake nilikwenda Butiama. Baba alikuwa kibarazani, blanketi magotini. Nikamwonyesha, nikalisoma neno kwa sauti.

Akatikisa kichwa. Nikarudia. Akatikisa tena, kwa ile hasira ya darasani ninayoijua. Nilikuwa naitamka u ya Kiswahili. Hifadhidata nimeitengeneza, mdomo wangu bado.

Akainua mkono wake mzima, akanibana mashavu kwa vidole viwili mpaka midomo yangu ikachongoka, kama alivyonifanyia nikiwa darasa la pili. Kisha midomo yake mwenyewe ikajikusanya, polepole sana. Sauti ikatoka, nyembamba, katikati ya u na o. Akapumzika. Akavuta pumzi, akalisema neno lote, huku ananitazama.

"Nasikia, baba," nikamwambia. "Nasikia."